Hatumo, Fungua Tu

Alikwenda kuchukua kipimo kimoja tu. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, jua limeshalegea, mpimaji wa majengo alitoka nyumbani na vitu vitatu: tepu ya mita thelathini, tochi, na daftari la marehemu mumewe. Mguu mmoja alivaa kiatu cheusi, mwingine cha kahawia. Hakujua. Wifi yake alimwona, akafungua mdomo amwambie, kisha akaufunga. Huu ulikuwa mwezi wa nne wifi anaufunga mdomo.

Tusidanganyane, watu walikuwa wamemchoka. Si kwa ubaya. Lakini mwanamke anafiwa na mume aliyefanya naye kazi miaka kumi na saba, meza moja, sahani moja, tepu moja, huyu ameshika mwisho huu na yule ameshika mwisho ule, halafu halii! Hakulia msibani. Hakulia makaburini. Hakulia hata watu walipokunja mikeka na kurudi makwao. Anapika, anafua, anapiga pasi. Ukimuuliza hali anakwambia, "Mzima." Siku moja pasi ilimuunguza kiganja, na aliyepiga kelele ni wifi.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamgusa, nacho ni ile nyumba ya pampu.

Bandari ya zamani unaijua ilivyo, hata kama hukuwahi kufika. Meli kubwa zilishahamia gati jipya. Kule zimebaki reli zilizomezwa na majani, maghala yasiyo na paa, karakana ambamo popo ndio wapangaji na hawalipi kodi. Mwishoni kabisa, karibu na chelezo, pale meli zilipokuwa zinapandishwa kutengenezwa, ipo nyumba ya pampu. Matofali mekundu. Madirisha marefu yenye vichwa vya mviringo. Bomba la moshi limekatika nusu. Ndani kuna injini mbili zilizonyamaza kabla mpimaji hajazaliwa, na chini ya injini kuna shimo.

Kampuni moja ya makontena ilitaka pavunjwe, papatikane uwanja. Kamati ya majengo ya kale ilikuwa inakutana kesho yake saa tatu asubuhi kuamua. Na kamati haitaki maneno matamu, inataka ramani iliyokamilika, kila ukuta na kipimo chake. Mpimaji alikuwa nayo. Ilikosa shimo tu. Siku alipolipima jengo na mumewe, walipomaliza juu maji ya bahari yalikuwa yamekaribia kuingia shimoni, wasiweze kushuka, na mumewe aliandika kwenye daftari, kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande: *Shimo, ?* Wiki iliyofuata alijilaza mchana baada ya kula. Hakuamka. Ukurasa ule ukawa ndio wa mwisho.

Jengo likivunjwa, mpimaji alijiambia, ukurasa wa mwisho wa mume wangu utakuwa umepima hewa. Alitaka jengo libaki. Hakutaka kitu kingine duniani, na kutaka huko ndiko kulikomnyanyua kitini jioni ile.

Mlangoni mwa nyumba ya pampu alimkuta mlinzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kusikika sokoni kote. Watu walimwita Bi Gurudumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eh! Mbona viatu vimegombana?"

Mpimaji alitazama miguu yake. "Aa," alisema.

Bi Gurudumu alicheka, kisha akajutia kicheko chake. Alimshika mkono, akauachia. Kiganja kilikuwa cha baridi.

Jina la Bi Gurudumu lilitokana na kazi yake. Shimo la pampu lina lango la chuma upande wa bahari. Maji yakipwa, shimo linakauka. Maji yakijaa, lango lazima lifunguliwe shimo lijae, la sivyo bahari itausukuma ule ukuta mkongwe kutoka upande mmoja mpaka upasuke. Nje, kwenye ukuta wa bahari, pametiwa alama nyeupe ya rangi. Maji yakiifikia, unazungusha gurudumu. Shida ni kwamba gurudumu lenyewe liko nje, nyuma ya ukuta mnene, na anayelizungusha haoni shimoni hata kidogo. Kwa hiyo tangu enzi za wafanyakazi wa kwanza kulikuwa na utaratibu. Wa gurudumuni anaita, "Mmo?" Waliokuwa chini, wakishapanda ngazi wote na kusimama mlangoni, wanajibu, "Hatumo!" Hata ukiwa peke yako unajibu hivyo hivyo. Ukijibiwa, unafungua. Usipojibiwa, unakwenda kuchungulia kwa macho yako kwanza.

"Maji yatafika alamani saa moja," alisema Bi Gurudumu. "Na leo ni bamvua, maji makubwa, yanakuja mbio. Ukimaliza panda, simama mlangoni, nikiita ujibu."

"Najua mama. Nitajibu."

"Na tepu utashikiwa na nani?"

"Nitaiwekea jiwe."

Bi Gurudumu alitaka kusema neno. Akasema, "Haya mwanangu, angalia ngazi, zinateleza," akazunguka nyuma ya jengo kwenda kukaa karibu na gurudumu lake.

Ndani kulinuka grisi ya zamani, kutu, na nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Mpimaji alipita kati ya injini mbili, akawasha tochi, akaanza kushuka. Ngazi za chuma arobaini na mbili. Alizihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yake. Chini palikuwa na matope membamba na matao matano ya matofali, moja nyuma ya jingine, yakiingia gizani kuelekea baharini. Yalikuwa mazuri. Matao kama yale hayajengwi tena, na kamati ikiyaona kwenye ramani haitathubutu kulivunja jengo. Alijua hivyo kichwani. Moyoni hakusikia kitu.

Tone la maji lilidondoka mahali. Likadondoka tena.

Aliweka ncha ya tepu kwenye tao la mwisho, akaigandamiza kwa jiwe, akarudi nyuma huku tepu ikijifungua mkononi. Kamba ya kibweta cha tepu alijifunga kwenye kifundo cha mkono, kama alivyozoea. Alipofika ukuta wa ngazi alisimama. Na mdomo, jamani, mdomo una mazoea yake. Miaka kumi na saba umekuwa ukisema neno moja kila tepu inapofika ukutani. Ukalisema.

"Umeshika?"

Tone likadondoka.

"Nimeshika."

Sauti ilitoka tao la mwisho. Si ya juu, si ya chini. Ilitanguliwa na kile kikohozi kidogo, cha mtu aliyemeza vumbi la majengo ya watu maisha yake yote.

Tepu ikakazika.

Jiwe halikazi tepu.

Mtu mwingine angetupa tochi, na sisi tungekuwa tunamsimulia kwa kumcheka. Yeye alisimama akasubiri woga umjie. Haukuja. Akasubiri basi furaha, kwa kuwa ile sauti angeitambua hata katikati ya mvua. Nayo haikuja. Macho yake yakashuka kwenye tepu, akasoma namba.

"Kumi na moja nukta sita," alisema.

"Na ukucha," ikasema sauti.

Hivyo ndivyo mumewe alivyosoma vipimo. Milimita mbili tatu zilizozidi aliziita ukucha. Hakuna mpimaji mwingine duniani aliyesema hivyo, na wateja walikuwa wakimcheka. Mpimaji akaandika: *11.6 na ukucha.*

Wakaendelea. Naam, wakaendelea na kazi! Upana wa tao la kwanza. La pili. Kimo. Hakuhitaji kwenda kuhamisha jiwe. Kila alipohama yeye, ncha ya upande wa pili ilikuwa imeshahama, iko kwenye kona inayostahili, imekazwa sawasawa. Alimulika tochi mara moja. Mwanga ulifika tao la nne, ukaishia hapo. Hakumulika tena.

"Vuta kidogo," ilisema sauti.

Akavuta.

"Hapo hapo. Andika."

Akaandika. Kati ya tao la tatu na la nne alijaribu kuongea.

"Ni wewe?"

Kimya.

"Kule uliko... unaendeleaje?"

Kimya. Harufu ya nguo iliyolowa ilikuwa imezidi.

"Dada yako anakulilia kila siku. Mimi bado."

"Nimeshika," ikasema sauti.

Akasimama na kalamu mkononi. Taratibu sana, kama anayejumlisha namba, alielewa. Nimeshika. Na ukucha. Vuta kidogo. Hapo hapo, andika. Kila neno alilolisikia jioni ile ni neno ambalo mumewe alilisema juu, kwenye sakafu ya injini, siku ile walipolipima jengo. Hapakuwa na neno jipya hata moja. Kulikuwa na kitu humo shimoni kilichosikiliza siku ile, kikayaweka maneno yao.

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili zake timamu anapopanda ngazi. Mpimaji alikuwa na akili zake timamu. Lakini palibaki kipimo cha tao la mwisho, na sauti ile, iwe ya nani, ilikuwa sauti ile. Akaifuata tepu. Tao la tatu. La nne. Matope yalimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mmooo?"

Ni Bi Gurudumu, mbali, nyuma ya ukuta. Mpimaji aliangalia saa. Saa moja kasoro dakika mbili. Jamani, muda ulikuwa umekwenda wapi? Akafungua mdomo aseme, nimo, mama, nimo chini, subiri...

"Hatumo, mama! Fungua tu!"

Ilikuwa sauti yake.

Ilitoka juu, mlangoni, mita kumi juu ya kichwa chake. Sauti yake mwenyewe, tena inacheka. Aliikumbuka. Siku ile wamesimama mlangoni wanakung'uta vumbi, Bi Gurudumu kaita, mumewe kamfinya ubavuni, naye kajibu huku anacheka, na mumewe kadakia. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kucheka hivyo. Alisimama gizani akijisikiliza.

"Fungua tu!" ikadakia sauti ya kiume, huko huko juu. Na kikohozi chake.

Ndipo alipopiga kelele. "Nimo! Mama, nimo! Usifungue!"

Hatumo, mama! Fungua tu! Fungua tu! Kicheko juu ya kicheko, kikaifunika kelele yake yote.

Chuma kikalia.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kwa mnong'ono, meusi, yakinuka mwani, yakamzunguka magotini, halafu mapajani. Akageuka kuelekea ngazi. Kamba ya tepu ikamvuta mkono. Tepu ilikuwa imekazwa kuliko wakati wowote, na kilichoishika hakikuwa na haraka. Kilivuta ukucha mmoja mmoja, kuelekea tao la mwisho.

"Nimeshika," ilisema sauti. Kwa upole kabisa.

Nikwambie alichowaza? Aliwaza, sawa. Ishike tu. Maji yalimfika kiunoni, hayakuwa hata baridi, na akawaza kwamba nyumbani kuna nguo hazijaanuliwa na wifi ataziona. Hivyo tu. Kisha akaona kuwa mkono wake wa pili ulikuwa juu ya kichwa, umelinyanyua daftari lisilowe. Hakuuagiza. Mkono wenyewe ulikuwa unajua kwamba vipimo lazima vifike kwa kamati saa tatu asubuhi.

Kwa ajili ya daftari, si kwa ajili yake, aliuma ile kamba kwa meno mpaka fundo likafunguka. Kibweta cha tepu kikaondoka mkononi, kikateleza juu ya maji, kikaingia taoni bila sauti.

Mlio wa chuma ulibadilika. Lango lilikuwa linafungwa. Maji yakatulia kifuani mwake. Kisha tochi ikatokea juu kwenye ngazi, na nyuma ya tochi Bi Gurudumu, anahema, anaita, "Mwanangu! Mwanangu! Ole wangu mimi, umo?"

"Nimo," alisema mpimaji.

Bi Gurudumu alimpandisha kwa kumshika ukosi. Alimkalisha kwenye kibanda cha mlinzi, akamvisha koti lake, akarudi mbio kulifungua lango, maana bahari haikungoji umalize kutetemeka. Aliporudi, yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka.

"Nimesikia wawili," alisema kwa kunong'ona. "Wewe na mumeo. Nikasema haya, wameshatoka, nikazungusha. Mzunguko wa tatu ndipo akili ikanirudia. Mimi huyu nimetia mchanga kwenye kaburi la yule bwana kwa mkono wangu! Sasa aliyejibu ni nani?"

Mpimaji alikuwa anafungua daftari ukurasa kwa ukurasa, anaangalia kama wino umechuja.

"Siku walipokufa wale wafanyakazi kumi na mmoja, hapa gurudumuni alikuwa baba yangu," alisema Bi Gurudumu. "Unazijua hizo habari. Walikuwa wanazoa matope chini, lango likafunguliwa. Baba aliapa mpaka siku anakufa kwamba aliita, akajibiwa. Hatumo! Akahesabu sauti, maana ndivyo walivyofundishwa. Kumi na moja kamili, na ya rafiki yake ikiwemo, aliyoijua kama ninavyokujua wewe. Hakuna aliyemwamini. Wakamwita mlevi. Hata mimi mwanawe sikumwamini." Alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Miaka ishirini na miwili naita kila siku kwenye shimo tupu. Shimo halijanijibu hata mara moja. Likiwa tupu halijibu, mwanangu. Linajibu kukiwa na mtu."

"Pengine ni yeye," alisema mpimaji.

"Nani?"

"Mume wangu. Wewe usingesikia sauti ya kiume, usingelifunga lango. Pengine alijibu makusudi, ili ukumbuke amekufa."

Bi Gurudumu alimfunga vifungo vya koti. "Pengine," alisema. "Na ile sauti yako, iliyokuwa inacheka huku wewe unazama... nayo ilikuwa nani?"

Mpimaji alipuliza ukurasa wa mwisho ukauke.

"Kesho waambie walivunje. Nakuomba. Kwa jina la baba yangu, waambie."

Mpimaji alifunga daftari. Wino ulikuwa mzima.

Ramani aliimaliza kabla ya alfajiri. Ilifunga vizuri ajabu. Ukijumlisha ndani na ukijumlisha nje, unapata namba ile ile na ukucha wake. Saa tatu aliibandika ukutani mbele ya wajumbe wa kamati, watu saba wenye miwani na chupa za maji. Waliyaona matao matano wakaanza kunong'onezana kwa furaha. Mwenyekiti, mzee mstaarabu aliyezoea kuuliza swali moja tu, aliuliza swali moja tu.

"Fundi, wewe umelikagua mpaka chini. Tukilifungua kwa wageni, kuna hatari yoyote ambayo tunapaswa kuijua?"

Bi Gurudumu alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi. Mpimaji aliuhisi uzito wa macho yake mgongoni. Jengo likiwa hatari, litavunjwa. Likivunjwa, mahali pekee ambapo ile sauti bado inasema "na ukucha" patageuka kuwa uwanja wa makontena.

"Hakuna," alisema.

Wakapiga makofi. Kwenye fomu, penye nafasi ya *hatari kwa watumiaji*, aliandika neno hilo hilo na kutia sahihi. Jioni wifi alimkumbatia akamwambia, "Umeokoa kazi ya kaka yangu, Mungu akulipe." Mpimaji alisimama mikono imening'inia, akisubiri amalize.

Bi Gurudumu aliacha funguo mezani kwa kamati na hakurudi. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba hataita tena. Kamati ikaanza kutafuta mlinzi mwingine, na ikashangaa sana, mpimaji mwenyewe, mwanamke aliyesoma, aliposema atashika gurudumu yeye mpaka watakapoleta mota ya kufungua lango. Mwenyekiti aliona ni mapenzi yake kwa jengo. Akamshukuru.

Kila maji yalipojaa alisimama nyuma ya ukuta na kuita. "Mmo?" Kimya. Anakwenda kuchungulia kwa tochi, anarudi, anazungusha, anakwenda nyumbani. Wiki moja. Wiki tatu. Alishuka mwenyewe na tepu mpya, mchana, jioni, alfajiri. "Umeshika?" Tone likadondoka. Tepu ikabaki imelegea chini ya jiwe. Labda kitu kile hakihangaiki na mtu ambaye ameshakijua. Mimi sijui, na yeye hakujua. Alichojua ni maneno ya Bi Gurudumu, na alikuwa anayageuza kichwani akipika, akifua, akilala. Likiwa tupu halijibu.

Mwezi wa pili wa kushika gurudumu, kamati ilimtuma fundi umeme kuweka taa shimoni, wageni wayaone matao. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, tumbo mbele, anayeongea na waya zake kama vile ni watoto watundu. Alitakiwa afike asubuhi. Gari likamharibikia, akafika jioni na mabunda yake ya waya mabegani na samahani nyingi mdomoni.

"Dada yangu, nisamehe, lile gari lina mapepo," alisema. "Nikirudi bila kuweka hata taa moja, mke wangu atasema nilikuwa kwa mwanamke. Maji yanaingia saa ngapi?"

Mpimaji aligeuka, akaitazama alama nyeupe kupitia dirishani. Maji yalikuwa yamebakisha kiganja kimoja.

"Bado," alisema.

"Nina saa nzima?"

"Shuka tu. Tao la mwisho ndilo lenye giza zaidi, anzia hapo."

Fundi umeme alikanyaga ngazi ya kwanza.

"Halafu, fundi. Utanisikia naita. Ni utaratibu wa zamani tu, wa kupima kama sauti inafika. Usijibu."

"Nisijibu?"

"Usijibu kitu."

"Mambo ya wasomi," alicheka, akashuka akipiga mluzi.

Mpimaji alizunguka jengo. Hakwenda haraka. Alisimama mbele ya gurudumu, akaweka mikono yote miwili juu ya chuma, na kilikuwa bado na joto la jua. Alisubiri mpaka mluzi ulipofifia. Maji yakaigusa alama.

"Mmo?" aliita.

Kimya. Mwani ulinuka.

Halafu...

"Hatumo, mama! Fungua tu!"

"Fungua tu!" Na kikohozi kile kidogo mbele yake. Kikohozi cha mume wake, kizima, kiko karibu, nyuma ya tofali moja.

Kwa mara ya kwanza tangu afiwe alisikia kitu, na kitu hicho kilikuwa raha. Raha tupu. Alijishikilia gurudumuni asianguke.

"Dada!" Hiyo ilitoka chini kabisa, ya kweli, ya mtu asiyecheka tena. "Dada, kuna watu wanacheka huku juu mlangoni! Nani mwingine yumo humu? Dada... kuna kitu kimeshika waya wangu!"

Maji yalikuwa yamepita alama kwa vidole vinne. Ukuta ulitoa mlio mdogo, mkavu, wa tofali linalosogea.

Hakulizungusha gurudumu. Tumpe haki yake, hakulizungusha. Lakini mlangoni nako hakukimbilia. Aliinama, akabandika sikio kwenye ukuta, akaita tena, "Mmo?"